Dawa ya kifafa na mgonjwa wa saratani ya ubongo

Shikamooni wazee wetu, na habari za asubuhi ndugu wahudumu wa Kigoma na Ujiji.

Mnauliza kama dawa ya kifafa humwongezea maisha mwenye saratani ya ubongo. Mwaka 2011 takwimu za wagonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, waliopata mionzi na temozolomaidi, dawa ya saratani, ziliashiria kwamba waliomeza valproeti, dawa ya kifafa, waliishi zaidi. Mwaka 2016 zikaunganishwa takwimu za wagonjwa 1,869 kutoka majaribio manne: valproeti haikurefusha maisha, levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, nayo vilevile. Basi msimbadilishie mtu dawa kwa tumaini hilo. Kazi ya dawa hizi ni kuzuia kifafa, na hiyo si kazi ndogo: anayevua dagaa usiku ziwani akianguka majini, maji yatamuua kabla ya saratani. Asiingie mtumbwini.

Dawa ipi, sasa? Hapa ndipo penye uzito. Dawa za kifafa za fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi. Hivyo deksamethasoni, dawa inayopunguza uvimbe kichwani, hupungua nguvu. Kichwa kinauma tena, nyumbani wanadhani saratani imekua. Baadhi ya dawa za saratani hupungua vilevile. Levetirasetamu haina tabia hiyo. Mtu mzima huanza miligramu 500 asubuhi na jioni, daktari akipandisha hadi 1,500 kila mara ikibidi. Mwenye figo dhaifu hupewa kidogo zaidi. Mgonjwa akiwa mkali au mwenye huzuni ghafla, mwambieni daktari, chanzo kinaweza kuwa dawa hiyo. Valproeti hupunguza chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, temozolomaidi nayo hupunguza, kwa hiyo damu ipimwe. Mwanamke anayeweza kushika mimba aepushwe na valproeti.

Ambaye hajawahi kupata kifafa hahitaji dawa ya kinga ya muda mrefu.

Kinachoharibu mambo zaidi ni dozi kukatika. Safari ya treni hadi Dar es Salaam kwa upasuaji au mionzi ni ndefu, na dawa imefungiwa kwenye begi kubwa. Ikae mkobani, na akiba ya wiki nzima juu ya siku za safari. Fenobabitoni ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichokoma. Hupunguzwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika tano, mhudumu ampe mtu mzima diazepamu miligramu 10 kwa njia ya haja kubwa, kisha hospitali mara moja.