Fremu, Ofisi na Mwaka wa Pili wa Mkataba

REHEMA: Karibu, msikilizaji. Leo tunazungumzia upangaji wa maduka na ofisi katika vituo vidogo vya biashara vilivyojengwa katikati ya makazi yetu ya Dar es Salaam, kama vile unavyoviona Goba, Tegeta, Sinza na Kigamboni: fremu, yaani vyumba vya maduka, kumi au ishirini chini, ofisi juu, nafasi ya kuegesha magari mbele na mlinzi getini. Mimi ni mpangaji wa siku nyingi, nina steshenari. Mwenzangu, Kaka Salum, amesimamia kituo cha namna hiyo kwa niaba ya mwenye jengo, kwa hiyo leo tutazungumza kutoka pande zote mbili za meza.

SALUM: Ahsante, Dada Rehema. Naomba nianze na swali ambalo wapangaji wengi hawaliulizi. Mtu akija kutazama fremu huuliza bei, ukubwa na kama maji yanatoka. Ni wachache sana wanaouliza jirani yao atakuwa nani. Mteja wa kituo cha mtaa hafungi safari kama anayekwenda Kariakoo au Mlimani City. Anatoka nyumba ya pili, au anashuka kwenye daladala akirudi kazini, na amefuata kitu kimoja tu: dawa, mkate, au kutoa pesa kwa wakala. Duka la dawa na wakala ndio wanaoleta watu kila siku, na fundi cherehani, saluni na steshenari wananufaika na nyayo hizo. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, kaa mbele ya jengo saa moja asubuhi na tena saa kumi na mbili jioni, siku mbili tofauti, uhesabu wanaoingia na uangalie wanaingia kwa upande gani.

REHEMA: Na anayetafuta ofisi ya juu?

SALUM: Huyo aangalie zaidi ngazi, kelele na umeme. Mhasibu au wakili anayepokea wazee hawezi kuwapandisha ngazi nyembamba isiyo na kishikio, na ofisi iliyo juu ya baa haitafanya kazi Ijumaa jioni. Pia aulize kama kila chumba kina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Mita ikiwa moja kwa wapangaji watano, mwenye jokofu na mwenye kompyuta moja hawatakubaliana hata siku moja.

REHEMA: Kabla ya kuingia kwenye fedha, nataka tuguse hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017 sote tuliona majengo ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yakibomolewa kwa sababu yalikuwa ndani ya hifadhi. Tulizungumza sana juu ya wenye nyumba, na ilikuwa haki tuzungumze, lakini nyuma ya kila fremu iliyovunjwa kulikuwa na mpangaji mwenye rafu, bidhaa na kodi aliyokwisha kuilipa.

SALUM: Ndiyo maana mpangaji ana haki ya kuomba kuona hati ya umiliki au leseni ya makazi, na akienda ofisi ya serikali ya mtaa ataambiwa kama jengo lina mgogoro. Mwenye jengo anayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekwisha kukujibu.

REHEMA: Tuje kwenye malipo. Mpangaji mpya mara nyingi anatakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, dalali naye anataka chake, ambacho kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na katika maeneo yenye biashara kubwa anadaiwa pia kilemba, yaani fedha ya kuachiwa mlango, na mpangaji anayetoka au na mwenye jengo mwenyewe. Mtu anajikuta ametumia mtaji wake wote kupata mlango, na hana fedha ya kujaza rafu.

SALUM: Hapo nakubaliana nawe kabisa, ingawa nilikuwa upande wa pili. Mimi niliona kwamba anayelipa kila baada ya miezi mitatu hudumu kuliko anayelipa mwaka kwa kukopa, kwa sababu yule wa pili akifika mwezi wa nane duka linakuwa tupu na mwezi wa kumi na mbili anaondoka. Kituo chenye fremu tatu zilizofungwa kinawapoteza hata wale waliobaki. Mwenye jengo anayeng'ang'ania mwaka mzima anajiumiza polepole.

REHEMA: Wasikilizaji wengi huuliza kuhusu kodi ya zuio. Naomba uieleze kwa mfano, kwa sababu maneno peke yake huchanganya.

SALUM: Tuseme fremu ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango, ambayo ni 600,000, aipeleke Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha, na ampe mwenye jengo 5,400,000 pamoja na hati inayoonyesha kwamba kodi hiyo imelipwa kwa niaba yake. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji ni mkusanyaji tu. Tatizo linakuja pale mwenye jengo anaposema, "Mimi nataka milioni sita yangu mkononi." Ukikubali, ujue pango lako halisi limekuwa kama 6,667,000, maana asilimia 10 inatoka humo. Lisemeni mapema, liandikwe. Na kama mwenye jengo amesajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ataiongeza juu ya pango la duka au ofisi; kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa hiyo uliza pia kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake.

REHEMA: Na ushuru wa stempu?

SALUM: Asilimia 1 ya pango la mwaka; kwa mfano wetu ni 60,000, na unalipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Watu wanauona kama mzigo mwingine, lakini mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kuwa ushahidi. Mkigombana na kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, utajuta kwa ajili ya elfu sitini. Tena manispaa inautaka mkataba huo unapoomba leseni ya biashara.

REHEMA: Vipi kuhusu ofisi zilizokuwa zikitozwa kwa dola, hasa kule Masaki na Mikocheni?

SALUM: Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Pango liandikwe kwa shilingi.

REHEMA: Sasa niseme lililonifanya nitake kipindi hiki. Nilipoanza, nilipanga fremu karibu na shule. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja: majina, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Niliweka vigae, dari, nyaya mpya na rafu za ukutani. Kufikia mwezi wa tisa, walimu na wazazi walikuwa wananijua, na mwenye bodaboda ukimwambia "steshenari" anakuleta pale. Wiki mbili kabla ya mwaka kwisha, mwenye jengo aliniambia kodi imepanda mara mbili. Sikuweza. Baada ya mwezi mmoja pale palikuwa na steshenari nyingine, ya ndugu yake, ikitumia rafu zangu. Nilikaa muda mrefu nikidhani nilidhulumiwa na mtu mmoja, na kweli nilidhulumiwa. Lakini karatasi niliyoisaini ilimruhusu.

SALUM: Pole sana, dada yangu. Na hakuna ofisi ambayo ungeiendea ikupangie kiwango cha kodi. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano ya watu wawili. Kinachomlinda mpangaji ni kile kilichoandikwa. Kwa hiyo mimi humwambia mpangaji: usihangaike sana kupunguziwa elfu ishirini za mwaka wa kwanza, hangaikia mwaka wa pili na wa tatu. Omba kifungu kinachokupa haki ya kuhuisha mkataba kwa vipindi viwili zaidi, mradi hujakiuka masharti. Kinachotaja kwamba kodi haitapanda kupita asilimia mtakayokubaliana. Na kinachomtaka kila upande kutoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla. Jengo likiuzwa, mnunuzi afungwe na mkataba uleule.

REHEMA: Na vile ulivyojenga ndani?

SALUM: Viorodheshwe siku ya kuingia, kwa picha. Rafu na taa unaondoka navyo. Vigae na dari vinabaki, lakini mnaweza kukubaliana gharama yake ikatwe kwenye pango la miezi ya mwanzo. Mimi niliwahi kumpa mwenye duka la dawa miezi miwili bila kodi ili afanye matengenezo yake, na wengine wakalalamika. Baada ya nusu mwaka walikuwa wanampelekea wateja, naye anawaletea wao.

REHEMA: Zile gharama za pamoja za ulinzi, taka na choo cha wateja je?

SALUM: Ziwe na kiasi, na ziandikwe zinalipia nini. Choo kichafu kinafukuza wateja wa jengo zima, kwa hiyo mtu mmoja atajwe kwa jina la cheo chake kuwa ndiye mhusika.

REHEMA: La mwisho, siku ya kukabidhi.

SALUM: Nendeni pamoja, asubuhi, kukiwa na mwanga. Andikeni namba ya mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji na deni lolote la maji la DAWASA lililobaki, idadi ya funguo, hali ya mlango wa chuma na kila ufa ulioko ukutani. Nyote wawili msaini, na kila mmoja abaki na nakala, kwa sababu amana yako, yaani fedha ya dhamana uliyomwachia mwenye jengo, itarudi au haitarudi kwa kutegemea karatasi hiyo.