Kitenzi Kisaidizi Kiko Wapi? Mhadhara juu ya Kuuliza Maswali kwa Kiingereza

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliojificha kule nyuma, karibuni. Naomba tuanze na ubao. Naandika sentensi tatu:

"You are going where?"
"Where you are going?"
"Where are you going?"

Ya kwanza ni Kiswahili kitupu kilichovishwa maneno ya Kiingereza. Ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba kiulizi hukaa mwanzoni, akakipeleka huko, kisha akapumzika. Ya tatu ndiyo Kiingereza. Sasa linganisheni ya pili na ya tatu. Kiulizi ni kilekile na kimekaa palepale. Kilichobadilika ni "you" na "are" kupishana nafasi, basi.

Nimeanzia hapa kwa sababu masomo mengi ya maswali huanza na orodha ya viulizi: "who", "what", "where", "when", "why", "how". Mwanafunzi anaikariri yote, anaitamka vizuri, halafu akifungua kinywa swali linatoka kombo. Hakuna aliyeshindwa kujifunza maana ya "where". Watu wanashindwa na neno linalofuata baada yake. Kwa hiyo leo orodha hiyo tutaiacha, tumtafute mhusika mwenyewe, yaani kitenzi kisaidizi, kile kinachoandamana na kitenzi kikuu, kama "are" katika "are going".

Kwa nini sisi wasemaji wa Kiswahili tunapata taabu hapa? Kwa sababu lugha yetu haitudai chochote. "Umekula" ni taarifa, "Umekula?" ni swali, na tofauti yote iko kwenye sauti. Ukitaka, unatanguliza "Je". Usipotaka, hakuna atakayekulaumu. Hata kiulizi chetu hakihami: "Unakwenda mjini", "Unakwenda wapi?" Neno "wapi" limekaa kimya mahali pale pale palipokuwa na "mjini". Mtu aliyezaliwa ndani ya utaratibu huo atashangaa akiambiwa kwamba ili kuuliza ni lazima apangue sentensi.

Kiingereza kinataka hivyo. Kitenzi kisaidizi kitangulie, mtenda afuate. Ukishasema "She is reading", swali lake ni "Is she reading?" "They have arrived" inazaa "Have they arrived?" "He can swim" inazaa "Can he swim?" Ukihitaji kiulizi, kiweke mbele ya hayo yote: "What is she reading?" Visaidizi vikiwa viwili au vitatu, kinachohama ni cha kwanza peke yake: "He has been waiting" huwa "Has he been waiting?" Hapo hakuna ugumu. Nitapita haraka.

Ugumu unakuja pale sentensi isipokuwa na kisaidizi. "You like tea." Utahamisha nini? Kiingereza cha zamani kilikuwa na jibu rahisi: hamisha kitenzi kikuu chenyewe. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James. Yesu anamuuliza Petro, "lovest thou me?" Sauti kutoka mbinguni inamuuliza Sauli, "why persecutest thou me?" Hakuna "do" hapo. Lakini hata wakati huo "do" ilikuwa tayari inapenya katika maswali, na karne iliyofuata ilikuwa imeshika usukani. Leo ukimuuliza mtu "Like you tea?" atakuelewa, ila atadhani unaigiza tamthilia ya kale. Vitenzi vikuu vimenyang'anywa ruhusa ya kuhama. Aliyebaki na ruhusa kamili ni "be": "Is he tired?", "Where were you?" Baadhi ya wazee wa Uingereza bado wanaweza kusema "Have you a pen?", lakini wewe mwanafunzi sema "Do you have a pen?" na hutakosea popote.

Basi kama kisaidizi hakipo, unaazima "do". Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nusu ya makosa ninayoyasahihisha yanazaliwa hapa: "do" si "Je".

Wengi tunaichukulia hivyo bila kujua. Tunaona "Je, unapenda chai?" na "Do you like tea?", tunahitimisha kwamba "do" ni kengele ya kutangaza swali, unaigonga mwanzoni mwa sentensi yoyote. Ndipo yanapotokea haya: "Do you are tired?" "Do she can come?" "Do you have finished?" Katika sentensi zote hizo kisaidizi, au "be", kilikuwepo tayari, kinasubiri kuitwa, nasi tukaenda kuazima kwa jirani. "Je" inaweza kukaa mbele ya sentensi yoyote ya Kiswahili bila kugusa kitu ndani yake. "Do" ni kitenzi, kina kazi, na kikiingia lazima kitu kibadilike.

Kitu gani? Wakati. Mzigo wa wakati katika swali la Kiingereza hubebwa na kitenzi kimoja tu. "Do", "does" au "did" ikishaupokea, kitenzi kikuu kinatembea mikono mitupu, katika umbo lake la msingi. "She works" inakuwa "Does she work?" Ile "s" haikupotea, imehamia kwenye "does". "You went" inakuwa "Did you go?" Wakati uliopita umehamia kwenye "did".

Mbona basi "Did you went?" inatutoka kirahisi hivyo? Walimu wengine husema ni uzembe. Mimi sikubali. Angalia Kiswahili kinavyofanya na visaidizi vyake: "Alikuwa amelala." "Walikuwa wanasoma." "Nitakuwa nimefika." Vitenzi viwili, na kila kimoja kina kiambishi chake cha mtenda na chake cha wakati au hali. Kwetu kisaidizi na kitenzi kikuu wote wanavaa sare. Mtu anayesema "Did you went?" anafuata sheria, tatizo ni kwamba ni sheria ya nyumba nyingine. Ukijua hivyo, huna haja ya kujilaumu. Unahitaji kujizoeza kumvua kitenzi kikuu kila unapotamka "did". "Did she come? Did they eat? Did it break?" Semeni kwa sauti, tena na tena, mpaka "Did she came" ianze kuwakera masikioni.

Sasa twende kwenye swali ambalo huwachanganya hata walimu. Kwa nini tunasema "Who called you?" bila "did", lakini "Who did you call?" na "did"? Kiswahili kinatofautisha kwa viambishi: "Nani alikupigia simu?" na "Ulimpigia nani simu?" Kiingereza hakina viambishi hivyo, kinategemea mpangilio. Katika "Who called you?" neno "who" ndilo mtenda. Limekwisha kukaa kwenye kiti cha mtenda, mbele ya kitenzi, na hakuna wa kupishana naye. Katika "Who did you call?" mtenda ni "you", kwa hiyo mapishano yanafanyika kama kawaida. Jiulize tu: hiki kiulizi ndicho kinachotenda? Kama ndiyo, achana na "do". "What happened?" "Who broke the glass?" "How many people came?" Ukiingiza ukanushi "do" inarudi, "Who didn't come?", kwa sababu "not" nayo haiwezi kusimama bila kisaidizi.

Ninyi mliokwisha kuyazoea hayo yote, msijisifu bado. Kuna kosa linalowangoja wanafunzi wazuri peke yao. Anayeanza husema "Do you know he lives where?" Aliyeendelea, ambaye sasa anapisha maneno kila anapoona kiulizi, husema "Do you know where does he live?" Amezidisha. Swali moja hupishwa mara moja. Upishaji umekwisha kufanyika kwenye "do you know"; kinachofuata ni taarifa ya kawaida: "Do you know where he lives?" Vivyo hivyo "Can you tell me what time it is?" na wala si "what time is it". Na kama ndani yake lilikuwamo swali la ndiyo au hapana, pale tunaposema "kama", Kiingereza kinaweka "if" au "whether": "I want to know if she has arrived."

Kisha linakuja pacha lake, na hili ndilo nalipenda kuliko yote. "Unajua anaishi wapi?" "Unadhani anaishi wapi?" Kwa Kiswahili sentensi hizi zimejengwa sawasawa, kiungo kwa kiungo. Lakini zinataka majibu tofauti. La kwanza naweza kulijibu "ndiyo" au "sijui". La pili, ukijibu "ndiyo", nitakutazama tu. Linataka mahali. Kiswahili kinaacha tofauti hiyo msikilizaji aitambue mwenyewe; Kiingereza kinaiweka wazi kwenye mpangilio. Swali linalotaka mahali lazima lifunguliwe na "where": "Where do you think he lives?" Hakuna "Do you think where he lives?" Jaribuni na "what": "Unadhani alisema nini?" Ni "What do you think he said?" Mapishano yametokea wapi? Kwenye "do you", mara moja tu. "He said" imebaki shwari.

Naona mkono. Dada yangu ameuliza: mbona kwenye filamu Waingereza na Wamarekani wenyewe husema "You're coming?" bila kupisha chochote? Umesikia sawasawa. Wanasema, lakini hapo wanathibitisha jambo walilokwisha kudhani, au wanashangaa. Ukiingia ofisini ukauliza "The manager is here?", unasikika kama mtu aliyetarajia kwamba hayupo. Kwa swali la kutaka kujua tu, pisha. Na maadamu tumegusa sauti: maswali ya ndiyo au hapana kwa kawaida hupanda mwishoni, lakini maswali ya viulizi kwa kawaida hushuka. "Where do you live?" hushuka. Ukiipandisha sana, mwenzako anaweza kudhani amekwisha kukuambia na wewe umesahau.

Tukumbuke pia kwamba kiulizi chetu si mara zote ndicho chao. "Hii inaitwaje?" inatuvuta kusema "How is it called?" Kiingereza kinasema "What is it called?" "Unaonaje?" ni "What do you think?", ukisema "How do you think?" umemuuliza mtu jinsi ubongo wake unavyofanya kazi. "Jina lako nani?" ni "What is your name?" Na mtofautishe "How is she?", inayoulizia hali yake, na "What is she like?", inayoulizia tabia au sura yake. Haya hayana kanuni ya kuyaokoa. Yakariri.

"Sivyo?" yetu inatosha mwisho wa sentensi yoyote. Kiingereza, kwa ukaidi wake, kinamtaka tena kisaidizi yule yule: "You are tired, aren't you?" "She works here, doesn't she?" "They can't swim, can they?" Taarifa ikikubali, mkia unakana, taarifa ikikana, mkia unakubali. Kuna sehemu nyingi za dunia ambako watu hutumia "isn't it?" kwa kila kitu, na mawasiliano yanakwenda. Kwenye mtihani hayaendi.

La mwisho ni kujibu, kwa sababu swali la ukanushi likijibiwa vibaya linaweza kuleta hasara ya kweli. Mtu anakuuliza, "Didn't you sign the form?" Wewe hukusaini. Kwa Kiswahili tunakubaliana na muulizaji: "Ndiyo, sikusaini." Kwa hiyo unajibu "Yes", na yeye anaandika kwamba umesaini. Katika Kiingereza "yes" na "no" hazikubaliani na muulizaji, zinakubaliana na kitenzi cha jibu. Ulifanya, "Yes, I did." Hukufanya, "No, I didn't." Usimjali aliuliza kwa kukana au kwa kukubali. Na usiishie kwenye "yes" tupu. Kamilisha na kisaidizi, hapo hata ukikosea neno la kwanza la pili litakuokoa.

Sasa toeni karatasi. Geuzeni hizi ziwe maswali. "He has a car." "Somebody has taken my book", mkianza na "who". "She does her homework at night." Katika hiyo ya mwisho nataka kuona "do" mara mbili ndani ya sentensi moja, na mwandike pembeni ipi ni kisaidizi na ipi ni kitenzi kikuu. Mna dakika tano, na napita kati yenu.