Kinywa cha Mtoto wa Chura wa Kihansi

Ndugu wasikilizaji, habari za bwawa la umeme lililopunguza manyunyu katika bonde la Kihansi, Tanzania, na za vyura 499 wa bonde hilo waliopelekwa kufugwa Marekani mwaka 2000 mnazijua, nami sitazirudia. Nimekuja na lilelile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: anayetaka kufuga chura aanze kwa kufuga wadudu.

Kwa vyura wengi mfugaji hupewa muda wa kujiandaa, kwa maana kiluwiluwi hukaa majini akikwangua mwani kwa wiki kadhaa, na hata miguu ya mbele inapochomoza huacha kula kwa siku chache huku mwili ukiufyonza mkia wake. Chura wa Kihansi hana subira hiyo. Mama huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 5 hivi, nao huhitaji chakula kilicho hai, kinachotembea, na kinachoenea katika kinywa hicho. Nyenje anayemtosha mama ni jitu kwa mtoto. Asipoliwa, usiku huweza kumtafuna chura mwenyewe. Chakula cha mwanzo basi ni vile vidudu visivyo na mabawa vinavyorukaruka kwenye majani yaliyooza, ambavyo hufugwa katika mkebe wenye mkaa uliolowa na kulishwa hamira kidogo. Mkebe huo huchukua majuma kushamiri. Ukiuanzisha siku watoto wanapozaliwa, umekwisha kuchelewa.

Najua yupo atakayeuliza ni nani aliyewalisha kule bondeni. Hakuna, bwana! Lakini kule manyunyu ya maporomoko yalilowesha mimea mchana na usiku, na humo mlijaa wadudu wa kila kimo, ilhali ndani ya kasha la kioo hamna hata mdudu mmoja ambaye hukumtia wewe.

Wakubwa hawana matata: nzi wa matunda na nyenje wadogo huwatosha, mradi wapakwe unga wa kalisi na vitamini, kwa kuwa mdudu wa kufugwa ana kalisi haba. Taa za miali ya urujuanimno zilistahili nusu saa yake, nami nimeimaliza kwa nyenje. Maji ya bomba yaondolewe klorini kabla ya kuingia kwenye vinyunyizio, maana chura hunywa kwa ngozi.