Mnofu Mtupu Haumtoshi Mbwa, Wala Paka

Ndugu wasikilizaji, nianze na bakuli la nyama. Mtu anayempenda mbwa wake humchemshia mnofu safi, usio na mfupa, akiamini amempa kilicho bora. Protini ipo tele. Lakini nusu kilo ya mnofu ina takribani gramu 1 ya fosforasi, na kalsiamu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mwili unataka kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi kidogo. Ikipungua, vitezi vilivyo shingoni huamuru mifupa itoe akiba yake ili damu isipungukiwe. Ndiyo maana mtoto wa mbwa au wa paka anayelishwa nyama tupu huanza kuchechemea, na mguu wake huweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini.

Kwa mnyama aliyekwisha kukua, pengo hilo huzibwa na ganda la yai. Lioshe, likaushe kwenye oveni, lisage hadi liwe laini kama unga wa ngano, kisha changanya gramu 3 hadi 4 kwa kila nusu kilo ya mnofu. Pima kwa mizani, usikadirie. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa asitiliwe unga huu kwa kubahatisha, maana kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua. Na mifupa iliyopikwa isiwe mbadala: hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Ganda huleta kalsiamu tu. Zinki, shaba, iodini na vitamini E bado hazijapatikana, kwa hiyo anayepika kila siku apangiwe mlo na daktari wa mifugo. Asiyeweza anunue chakula kilichoandikwa kuwa ni mlo kamili kwa umri wa mnyama wake.

Sasa paka, na hapa naomba msikilize sana: paka si mbwa mdogo. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, yaani kirutubisho kilichomo kwenye nyama. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa na moyo uliotanuka na kudhoofu walipata nafuu walipopewa taurini. Upungufu huo hupofusha pia. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, basi supu usiimwage, mpe pamoja na nyama. Karoti haimpi paka vitamini A. Maini humpa, ila akilishwa maini kila siku inazidi, na mifupa ya shingo hushikamana.

Vitunguu, chokoleti na zabibu visiwafikie kabisa.

Chakula kipya kiingizwe kwa siku 7: robo, nusu, robo tatu, kisha chote. Paka akikigomea, mrudishie cha zamani siku hiyohiyo. Paka mnene akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta hujaa kwenye ini, na hapo ni daktari mara moja.