Ukimya wa Gari la Kifahari Hutengenezwaje

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Watu wakizunguka gari la kifahari husifu ngozi ya viti, mbao zinazong'aa, rangi. Mimi leo nasifu ukimya wake, maana huo hupangwa kwa hesabu kabla bati la kwanza halijakatwa, na ukikosewa pale mwanzo hakuna zulia litakaloufidia.

Tuanze na injini. Ile ya silinda 4 zilizo kwenye mstari mmoja ina kilema cha kuzaliwa: kwa sababu ya pembe ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (mtaimbo unaozungushwa na injini), pistoni hugeuka kwa nguvu zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini. Tofauti hiyo huzaa mtikiso unaopiga mara 2 kila krenki ikizunguka mara 1. V12, yaani injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ni kama injini mbili za silinda 6 zilizofungwa pamoja, na kila upande hujisawazisha wenyewe. Gari likiwa limesimama, injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, silinda 4 huwaka mara 20 kwa sekunde na V12 mara 60. Yale mapigo 20 mgongo unayahisi kwenye kiti. Yale 60 ni madogo na yako karibukaribu, kwa hiyo maunti, yaani vishikizo vinavyobeba injini, huyameza bila shida.

Lakini V12 si lazima. Lexus LS 400 ya mwaka 1989 ilikuwa na V8, injini ya silinda 8, ya lita 4, na mhandisi wake mkuu, Ichiro Suzuki, alishikilia kwamba kelele izuiwe pale inapozaliwa. Tazameni propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Krosi, yaani kiungo kinachoiruhusu kupinda, ikifanya kazi imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja. Hukimbia na kusita mara 2 kwa kila mzunguko. Kwa kawaida hufungwa krosi mbili zinazofutiana makosa. Kwenye LS 400 injini, giaboksi, propela na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) vilipangwa katika mstari ulionyooka, na ugomvi ukaishia hapo. Mimi naona hilo ni zuri kuliko ngozi yoyote.

Ni rahisi pia kuliharibu. Fundi akifungua propela bila kuweka alama ya rangi kwenye flanji, yaani sahani inapofungiwa kwa bolti, akairudisha imegeuka, gari huanza kutetemeka likifika mwendo fulani. Mwenye gari atauziwa matairi mapya, na tatizo litabaki palepale.

Sasa sikilizeni bati hili. (Anagonga kwa kijiko.) Linalia kama kengele. Hili la pili lina unene uleule, ila mgongoni limebandikwa tabaka la lami. (Anagonga.) Tok, basi. Lami hujikunja pamoja na bati, na msuguano ulio ndani yake hugeuza mtikiso kuwa joto. Hapa wengi huchanganya mambo: lami hunyamazisha bati lenyewe, lakini sauti inayopita hewani huzuiwa na uzito. Ukuta ukiongezwa uzito mara 2, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Ndiyo maana Rolls-Royce Phantom ya 2017 ilipewa zaidi ya kilo 130 za vifaa vya kuzuia sauti, na vioo vya tabaka 2 vyenye unene wa milimita 6.

Kilo zote hizo hushindwa na tundu. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hautakuruhusu kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukuta ungekuwa wa risasi. Kwa hiyo raba ya mlango iliyojikunja, au gromiti, ile pete ya raba inayoziba tundu la nyaya, iliyosahaulika kati ya injini na dashibodi, ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana.

Matairi nayo yana siri yake: hewa iliyo ndani hulia kwa takriban hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, kwenye barabara ya lami yenye kokoto, hivyo baadhi hubandikwa sponji kwa ndani. Tairi la namna hiyo likitoboka, sponji ya sehemu hiyo ikatwe kwanza; kiraka hakishiki juu yake. Na maunti za majimaji zikivuja, msizibadilishe kwa za raba tupu. Usukani utatetemeka kila mtakaposimama gia ikiwa imeingia.

Mwisho kabisa, Rolls-Royce Ghost ya 2020. Wahandisi walipoondoa karibu kelele zote, ukimya wenyewe ukawa unawachanganya. Wakarudi nyuma wakarekebisha vipande vitetemeke kwa masafa yanayokaribiana, fremu za viti zikiwemo, ukabaki mnong'ono mmoja laini. Buti ilikuwa na mvumo mzito usiopendeza, wakautoa kwa kufungua matundu chini ya rafu ya nyuma. Matundu, baada ya kazi yote ile ya kuziba! Haya, nani ana swali?