Jogoo Mzuri Ndiye Anayechinjwa Kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kuhifadhi mbegu za kuku wetu wa asili, nami nimeona nianzie soko la kuku la Shekilango, hapa Dar es Salaam, maana nimepitia pale asubuhi nikija huku.

Mnalijua soko lile. Matenga yanashushwa, kuku wa Singida, kuku wa Dodoma, makelele hakuna anayemsikia mwenzake. Mteja akifika anaomba aoneshwe jogoo. Anamnyanyua, anambinya kifua, anamrudisha, anamshika mwingine. Anayeondoka naye ni yule mrefu, mzito, mwenye kilemba chekundu. Kabla ya adhuhuri yumo sufuriani. Wale mapora, yaani majogoo wachanga, waliodumaa wanabaki hadi jioni, bei inashuka.

Sasa rudini nyuma mpaka kijijini alikotoka yule jogoo. Ada ya mtoto inadaiwa, mchuuzi amekuja na baiskeli, na yeye naye anachagua kwa mkono uleule. Anamchukua jogoo aliyekua haraka kuliko wenzake. Anayebaki kupanda mitetea ni yule ambaye mchuuzi alimkataa! Fanyeni hivyo miaka thelathini, halafu mniulize kwa nini kuku wa kienyeji siku hizi ni wadogo. Tunachagua mbegu kila siku, ila tunaichagua kinyume.

Tuna vitu vya kupoteza, ndugu zangu. Tunasema "wa kienyeji" kana kwamba ni kuku mmoja, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wameshawaeleza kwa aina: kuchi, singamagazi, ching'wekwe, wa Mbeya, wa Morogoro. Ching'wekwe ni mdogo, miguu mifupi. Kuna kishingo, shingo tupu haina manyoya, ambaye wengine hapa mnamcheka. Msimcheke. Manyoya machache yanampunguzia joto, na joto la Dar es Salaam mwezi Februari mnalijua wenyewe. Kuna kidimu, wa manyoya yaliyogeuka nyuma. Huyo mkimpandisha kidimu kwa kidimu, karibu robo ya vifaranga watatoka na manyoya hafifu, wengine kama uchi. Mpandisheni na wa manyoya ya kawaida, nusu ya watoto watakuwa vidimu wazuri.

Kuchi ndiye ninayemfuga mimi, kwa hiyo mtanivumilia. Mrefu, kifua mbele, anasimama kama askari wa zamu, kilemba chake kidogo. Jogoo aliyekomaa anapita kilo mbili na nusu bila chakula cha dukani. Vipimo vya vinasaba vimeonesha kwamba ana udugu wa karibu na shamo, kuku wa mapambano wa Japani. Mimi nikifikiria majahazi na pepo za kaskazi sishangai sana, ingawa hiyo ya majahazi ni dhana yangu. Na kuchi amesalimika kwa sababu moja: kuna watu wanampenda kwa sura yake. Mpenzi wa kuchi akimwona jogoo mzuri anataja laki, na jogoo wa laki hachinjwi Krismasi. Ching'wekwe hana mpenzi kama huyo.

Sasa hesabu, ndogo tu. Watu wananiambia, "Mimi nimehifadhi, nina mitetea 20 na jogoo mmoja safi." Chukua idadi ya majogoo, zidisha kwa mitetea, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya kuku wote. Jogoo 1 na mitetea 20 inakupa kama 4. Yaani bandani unawaona kuku 21, lakini kwa damu una kundi la kuku wanne. Weka majogoo 5 kwa mitetea ileile, inakuwa 16. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lenyewe huiweka mbegu kwenye hatari kubwa kabisa majike wa kuzalisha wakiwa hawazidi 100, au madume hawazidi 5. Majike mia, madume watano. Mnaona uzito uko wapi.

Kwa ng'ombe tungepumua kidogo, mbegu za madume zinagandishwa pale kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, na zinakaa miaka. Yai la kuku huwezi kuligandisha ukaja ukalitotoa. Kwa mfugaji kama wewe na mimi, kuku huhifadhiwa akiwa hai, akila pumba zako na kukuchafulia uwanja.

Kuhusu chotara, sina ugomvi na Kuroiler wa India wala Sasso wa Ufaransa. Wanakua haraka, wanalipa ada. Wafugeni, lakini banda lao liwe peke yake. Ukiwachanganya na wa asili, mtoto wa kwanza atakufurahisha; wajukuu kila mmoja anatoka na lake, na mitetea mingi inakuwa haitaki kuatamia. Mimi niliwahi kuuziwa mayai ya kuchi, trei nzima, kwa bei ya kuchi. Siku ya 21 wakatoka, wazuri, nikawaita majirani waje waone. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na chotara wanene wa miguu mifupi, na majirani hawajaacha kuniuliza habari za kuchi wangu. Tangu siku hiyo sinunui yai; naenda kwa mwenye kuku, nawaona wazazi wake kwanza.

La kideri, ugonjwa ambao wengine mnauita mdondo, nalipitia haraka kwa sababu mnalijua. Mdondo ukiingia, hifadhi ya miaka kumi inakwisha ndani ya wiki. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini, inavumilia joto kuliko zile za zamani, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Mwenye kundi adimu akiniambia alisahau, sina la kumwambia.

Ninachowaomba leo hakihitaji mradi. Mapora wako wakifika miezi mitano, chagua watatu bora uwafunge kamba nyekundu mguuni, na nyumbani kila mtu ajue hao hawauzwi, mgeni aje asije. Halafu kila mwaka badilishana jogoo na mfugaji wa mbali, wa Chanika na wa Kigamboni, wa Mbagala na wa Bunju, na muandike kwenye daftari nani ametoka wapi.

Pale mlangoni kuna tenga, ndani mna mapora wawili wa kuchi. Bei hawana. Atakayewachukua aniandikie jina na mtaa wake, na mwakani wakati kama huu aniletee wawili wa kwake.