Msikilizaji Mwenye Majivu Mikononi

(Mazungumzo na vijana watengenezaji wa michezo ya sauti, Mtwara Mjini)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Mmeniita nizungumze kama msikilizaji. Mimi husikiliza nimekaa mkekani, uani kwetu Mikindani, nikibangua korosho. Aliyewahi kubangua anajua: ganda lile lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo tunajipaka majivu mikononi kabla ya kuanza. Simu nimeiegemeza kwenye ndoo na siwezi kuigusa, maana mafuta yataingia kwenye kioo, na baadaye shavuni.

Nawaomba mnikumbuke hapo mnapohariri. Wahusika wananong'ona, nainama kutega sikio. Ghafla radi inapiga, au tangazo linaingia kwa kishindo, mjukuu aliyelala anaamka analia. Mkono wa kupunguza sauti sina. Mafundi wana kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, na podikasti nyingi hulenga −16. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, inaweza kuifikisha sauti yenu hapo. Lakini kipimo hicho ni cha wastani wa kipindi kizima. Mnong'ono na radi vinaweza kubaki mbalimbali vilevile, na hapo ni lazima mhariri akae aushughulikie mnong'ono wenyewe.

Halafu hili la masikio mawili. Mimi huvaa spika moja ya sikioni, sikio la pili ni la mjukuu na mbuzi wa jirani. Kuna mchezo mume aliwekwa kushoto kabisa, mke kulia kabisa. Nilimsikia mke peke yake wiki tatu, nikadhani mwandishi ametaka mwanamke aongee na ukuta! Nilimhurumia sana yule mama. Mwanangu aliponivalisha zote mbili ndipo nikajua alikuwa anajibiwa. Wanangu, jaribuni kazi yenu kwa mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, kabla ya kuitoa. Mono tena inatosha kwa maneno, na bando linapona: kwa kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa ni kama megabaiti 14, kwa kilobiti 192 ni 43. Huku kwetu hiyo ni tofauti ya kusikiliza na kutosikiliza.

Sauti za wahusika nazo. Wasichana wanne wa umri mmoja, lafudhi moja, na hakuna anayemtaja mwenzake jina. Nitajuaje nani kaolewa na nani kaachwa? Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, redio ilikuwa moja na majirani tumeizunguka, watoto wanapiga kelele, lakini Mkwaju, yule dereva wa lori, akifungua tu kinywa tulimjua. Sisemi vya kale vyote vilikuwa vizuri. Nasema chagueni sauti zinazotofautiana, na mtu akiingia chumbani, mwenzake amwite.

Muziki wa mwanzo wa dakika mbili sitaujadili. Punguzeni.

Linaloniuma zaidi ni hadithi zisizoisha. Bibi yangu akisema paukwa, tukishajibu pakawa, ameshaingia deni. Aliweza kuchoka, akasema nitamalizia kesho, na kesho jioni alimalizia. Ninyi mnatoa sehemu sita, mnanyamaza, hata neno la kutuaga hakuna. Najua kutengeneza kunakula fedha, na waigizaji wanahama. Basi andikeni hadithi ya sehemu nne mtakazozimudu, rekodini zote nne, ndipo mtoe ya kwanza.

Kuna binti mliyetuletea katika mchezo mmoja. Baba yake alimkimbia mama yake, na binti akapanda mashua pale Ferry kwenda Msangamkuu kumtafuta. Upepo ukabadilika, nahodha akasema "shikilieni," na sehemu ya sita ikaishia hapo. Huu ni mwaka wa pili. Pale mkekani tuko wanawake watano, na tulipochoka kusubiri tukaanza kuimalizia wenyewe, kila mmoja kipande chake, tukibangua. Mimi nasema alifika, akamkuta baba ana familia nyingine. Jirani yangu hataki, anasema mashua iligeuza. Tumebishana mpaka tumenuniana.

Aliyeiandika, kama yumo humu ukumbini, naomba nimwone kabla sijapanda bajaji. Nataka tu kujua kama yule mtoto alifika.